X Hii ni ya Nani?

Nekesa, ambaye sasa anakalia kiti changu katika maabara ya saketi, ameniomba niwaandikie ninyi vijana wa idara jinsi tulivyokuwa tukichora zile ramani za Karnaugh, na kwa nini faili langu la LaTeX linagoma mpaka ulitajie jina la mtu. Anasema mmelalamika. Mmefanya vizuri. Nilipostaafu nilipewa blanketi, saa ya ukutani, na hotuba ndefu iliyonisifu kwa miaka yangu mingi katika idara ya upishi, ambako sijawahi kukanyaga. Saa ile haina kazi nyumbani kwangu Kapsoya, kwa hiyo nina wakati wa kutosha wa kujibu malalamiko.

Mambo ya vyeo na mishahara nayaruka. Aliyepanda anajijua, aliyepandiwa anajijua zaidi.

Naanza na siku ya kwanza. Nilifika maabara nikiwa na sketi mpya, bahasha ya vyeti, na imani kwamba nimesoma. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Wafula, mtu mrefu mwenye koti la kaki, ambaye alitoka upande wa magharibi akaja Eldoret kufanya kazi ya viwandani kabla ya kuingia ualimu. Alivitazama vyeti vyangu kwa heshima zote, akavirudisha kwenye bahasha, akaniambia, "Hizi ni karatasi safi sana. Sasa chora ramani."

Nikachora. Juu ya safu nikaandika 00, 01, 10, 11, vile mtu yeyote mwenye akili timamu anahesabu. Mzee akauliza kama nimekuja kufundisha ama kuhesabu nyanya sokoni. Katika ramani hii, chumba na jirani yake lazima watofautiane kwa jambo moja tu, kwa hiyo mpangilio ni 00, 01, 11, 10. Nilifuta, nikaandika upya, na tangu siku hiyo nimewafuta wanafunzi wengi kwa kosa hilo hilo nikijifanya sijawahi kulisikia.

Najua mhasibu wa chuo atasoma hii akitafuta kama nimetaja marupurupu, kwa hiyo acha nimweleze na yeye. Ramani ya Karnaugh ni mraba uliogawanywa vyumba. Kila chumba ni hali moja ambamo mashine inaweza kujikuta: feni inazunguka ama imesimama, mlango umefungwa ama uko wazi. Ndani ya chumba unaandika 1 ukitaka mashine ifanye kazi katika hali hiyo, na 0 kama hutaki. Halafu zile 1 zilizo jirani unazizungushia kitanzi. Kitanzi kikiwa kikubwa, saketi inakuwa ndogo, waya zinapungua, na wakubwa wanatabasamu.

Kuna alama ya tatu, nayo ni X. X inasema: hali hii haiwezi kutokea, kwa hiyo mashine na ifanye itakavyo, hakuna wa kuumia. X ni tamu, jamani. Ukiwa na X kando ya 1 zako, unaivuta ndani ya kitanzi, kitanzi kinanenepa, saketi inakonda, na unaonekana mtaalamu. Nimeona watu wakimwaga X kwenye ramani kama chumvi.

Mzee Wafula alikosa vidole viwili vya mkono wa kushoto. Wanafunzi walikuwa na hadithi zao. Wengine walisema ni fisi, wengine ni mambo ya mahari. Mimi nilimwuliza tu tukinywa chai, na akanijibu bila kuacha kuchovya mkate. Katika ujana wake alikuwa fundi katika kiwanda kimoja cha nguo. Kulikuwa na mashine ya kukata vitambaa yenye kifuniko cha kukinga mikono. Aliyechora saketi yake aliweka X kwenye kile chumba cha kifuniko kikiwa juu na kisu kikiwa kinakwenda. Haiwezi kutokea.

"Ilitokea Jumanne," Mzee akasema.

Alipopona alikwenda kumtafuta aliyeweka ile X. Hakutaka kupigana, alitaka tu kumwona sura. Mhandisi akasema ilikuwa hapo alipofika. Msimamizi akasema ilitoka na michoro. Hakuna aliyeijua. X ilikuwa imejizaa yenyewe.

Ndiyo maana katika maabara yetu kulikuwa na sheria ambayo haikuwa katika maabara nyingine yoyote niliyowahi kutembelea. Kila X ina mwenyewe. Unavuta mshale mwembamba kutoka kwenye chumba hadi nje ya mraba, unaandika jina la anayesema haiwezi kutokea, na sababu yake. Wageni walitucheka. Walisema ramani zetu zinafanana na barua za familia. Lakini mtu akiambiwa aandike jina lake kando ya X, mtashangaa jinsi X zinavyopungua. Nimewaona watu wazima wakikodolea chumba kimoja macho mpaka chai inapoa, halafu wanaandika 0 polepole.

Sasa vifaa, maana ndivyo mlivyouliza. Mwanzoni tulichora kwa rula na kalamu ya wino kwenye karatasi ya stensili, ukikosea unapaka kile kipolishi chekundu na unangoja kikauke ukiwaza maisha yako. Baadaye wakatuletea kompyuta zenye programu ya ofisi ya kuandika barua, na tukaambiwa tumeendelea. Katika programu ile unachora kitanzi vizuri, unahifadhi, unakwenda nyumbani. Asubuhi unakuta kitanzi kimepanda juu ya ukurasa na kimezungushia jina la mkuu wa chuo. Mtihani mmoja ulichapishwa hivyo hivyo. Wanafunzi wakadhani ni swali, na wengine walijaribu kulijibu.

Ndipo nikajifunza LaTeX. Sikufundishwa na mtu. Mhadhiri mgeni alitupitishia haraka kabla hajarudi kwao, akatuachia faili moja na tabasamu. Kwa asiyejua, LaTeX si ya kuchora kwa kipanya. Unaandika maagizo, chora mstari kutoka hapa hadi pale, kisha unaiambia itengeneze ukurasa. Ukisahau bano moja tu la kufunga, inakataa ukurasa wote na kukutolea maneno makali. Ramani yangu ya kwanza ilinichukua wiki nzima na ilitoka imelala ubavu. Lakini niliipenda, kwa sababu ilikuwa kitu pekee katika chuo kile kilichowahi kuniambia kosa langu liko mstari wa ngapi. Ofisi ya utumishi sijawahi kuisikia ikifanya hivyo.

Chukueni haya, niliyalipia kwa macho yangu. Fanyeni kila chumba kiwe sentimita moja kamili, ili namba ikae katikati, kwenye nusu sentimita, na msihangaike na hesabu. Vitanzi viwili visipite kwenye mstari mmoja, kimoja kiingie ndani kidogo. Msitegemee rangi hata siku moja: mtachora kitanzi chekundu, cha kijani na cha buluu, mtajisifu, halafu mashine ya fotokopi ya idara itavifanya vyote kijivu. Tumieni mstari usiokatika, mstari wa vistari na mstari wa nukta. Kumbukeni safu ya kwanza na ya mwisho ni majirani kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo kitanzi chao kinachorwa nusu huku na nusu kule, midomo ikiwa wazi ukingoni, na nusu zote mbili zipewe herufi moja, la sivyo mwanafunzi atadhani ni vitanzi viwili na atawaletea rufaa. Na mshale wa maelezo usipite juu ya 1 ya mtu.

Mzee Wafula hakuwa mtu wa kompyuta. Alisimama nyuma yangu mikono ikiwa mgongoni, akatazama ramani yangu safi kwenye skrini, akauliza swali moja tu.

"Hii mashine yako, mtu akiweka X, itamwuliza jina?"

Haikuwa inauliza. Nikaenda nikatunga agizo langu mwenyewe, ndilo hilo linalowasumbua. Ukitaka X, lazima ujaze jina na sababu. Ukiacha wazi, LaTeX inasimama palepale na kuandika kwenye skrini: X hii ni ya nani? Nilimwita Mzee ajaribu. Akaacha wazi makusudi, akabonyeza, ikamwuliza. Akacheka hadi akashika meza. "Sasa huyu ni mwalimu," akasema. Muda si mrefu akastaafu, akaenda zake Munyaka kufuga kuku, na mimi nikabaki na agizo lake.

Basi akaja Daktari. Simtaji jina, nanyi msinisaidie. Alikuwa mkuu wetu mpya wa idara, amesomea mbali, suti zinamkaa, na alipenda mambo yawe safi. Sikatai, usafi ni mzuri. Wakati huo tulikuwa tumepata kazi ya maana kwa mara ya kwanza: kikundi cha wakulima wa Kesses kilitaka mashine ya kukausha mahindi, maana mvua ilikuwa inawakuta na mahindi uani mwaka baada ya mwaka. Mafundi wetu walichomelea tangi kubwa la bati lenye feni, tanuri, na mkono wa chuma unaozunguka ndani kukoroga mahindi yasiungue. Ubavuni mwa tangi kulikuwa na mlango mdogo. Ule mkono wa chuma ulipita nyuma ya mlango huo, karibu kabisa.

Saketi ya kuongoza mkono ule niliichora mimi. Mstari wa tatu wa ramani ndio wenye maneno: feni inazunguka na moto umewaka. Vyumba viwili vya kulia mlango umefungwa, hapo nikaweka 1 na 1, koroga. Vyumba viwili vya kushoto mlango uko wazi. Daktari akaniambia niweke X na X, nizungushie mstari mzima kitanzi kimoja, na saketi haitakuwa hata na haja ya kujua habari za mlango.

"Madam, haiwezi kutokea," akasema. "Mwongozo unakataza operator kufungua mlango mashine ikikoroga."

"Daktari, nyuma ya kantini pameandikwa usikojoe hapa. Umewahi kupita pale bila kuziba pua?"

"Hiyo ni tofauti."

"Tofauti yake ni nini?"

Akashika karatasi yangu na mishale yake, akaitazama kama mtu aliyeletewa chai yenye nzi. "Na haya maneno yote ya nini? Ramani inakaa ukuta wa choo. Tutakuwa na wageni siku ya uzinduzi, Madam. Let us be professional."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo kila kitu kiliposimama. Hakuna mtu kaunti nzima ya Uasin Gishu anayeamini kipima unyevu. Mletee kipima cha bei gani, kiandike namba nzuri namna gani, mkulima atakisikiliza kwa adabu, halafu atatia mkono ndani ya mahindi, atachukua punje, ataiuma. Ikilia kati ya meno imekauka. Ikibonyea bado. Mama yangu aliuma. Baba yake Daktari, ambaye nilimfahamu, aliuma mahindi ya watu hata alipokwenda kwa mazishi. Sisi sote katika idara ile tulilelewa kwa mahindi yaliyoumwa. Lakini tukishaingia maabara na kuvaa yale makoti meupe, tunakuwa watu ambao hawajawahi kuona gunzi.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache na makali zaidi. Nilimwambia kuna mama fulani wa Kesses atafungua mlango ule siku ya kwanza, atatia mkono, na mkono hautarudi ulivyoingia. Nikamwandikia pia kwa barua pepe. Akajibu neno moja, "Noted", ambalo chuoni kwetu maana yake ni kwamba barua yako imezikwa kwa heshima. Kamati ya mradi ikakaa. Nikaondolewa kwenye mradi nikapewa mitihani ya kusahihisha, ili nipumzike.

Siku moja simu ikalia. "Madam, faili lako linaniuliza swali," Daktari akasema.

"Lijibu."

"Linataka jina."

"Wewe una jina zuri tu."

Akakata simu. Nikajua kwamba ameiweka ile X, lakini sikujua amempa nani.

Siku ya uzinduzi nilikwenda Kesses bila kualikwa. Nilimpitia Mzee Wafula Munyaka nikamwambia twende tukale chakula cha serikali. Tulikuta hema jeupe, viti vya plastiki, soda, na mshereheshaji mwenye sauti ya kuuza dawa ya panya. Tangi lilikuwa limejazwa mahindi ya msimu mzima ya kikundi, tayari kwa maonyesho. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Mama Chelagat, mama mnene mwenye sweta ya kijani na mkoba wa ngozi, ambaye alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akiwashawishi wenzake waache mahindi yao kwenye bati la wasomi. Nilimsalimia. Alishika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili, mikono mikavu ya jembe, akasema, "Mwalimu, leo tutaona kama mlisoma kweli."

Mashine ikawashwa. Feni ikavuma, moto ukashika, mkono wa chuma ukaanza kuzunguka ndani. Daktari akapanda jukwaani kueleza ubunifu. Mimi nikaenda moja kwa moja kwenye kisanduku cha swichi, nikakifungua. Ndani ya mlango wake walikuwa wamebandika ramani, imefunikwa plastiki. Ilikuwa nzuri, siwadanganyi. Mstari wa tatu wote ulikuwa na kitanzi kimoja kinene kilichonyooka, hakuna mshale, hakuna barua ya familia. Ila pembeni kabisa, kwa herufi za ukubwa wa siafu, kwa sababu agizo langu lilikataa kunyamaza, palikuwa na maneno haya: Kamati. Imekatazwa.

Bado nilikuwa nasoma niliposikia komeo likifunguka.

Mama Chelagat alikuwa amechoka na hotuba. Mkoba ulikuwa kwapani, mlango wa tangi uko wazi, na mkono wake wa kulia ulikuwa unaingia. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa, uso wa mtu anayechungulia sufuria yake mwenyewe jikoni kwake.

"Mama! Toa mkono!"

Sikujua nina sauti ile. Alishtuka, akaruka nyuma, na mkono wa chuma ukapita pale pale, ukakwangua ukingo wa mlango na kumwaga mahindi juu ya viatu vya wageni. Nikapiga ile swichi nyekundu kwa kiganja. Mashine ikazima. Nilikuwa na hasira hadi machozi yakanitoka.

"Tupige makofi!" mshereheshaji akasema, na watu wakapiga.

Mama Chelagat akanijia juu. "Kwani naiba? Si ni mahindi yangu?"

"Ni yako, Mama. Yote ni yako."

"Sasa unanipigia kelele za nini? Nilitaka kuonja tu!"

Daktari alikuwa ameshuka jukwaani. Nilimwonyesha ile karatasi kwa kidole, mbele ya watu, na kama kuna njia ya adabu zaidi ya kufanya jambo hilo sikuikumbuka wakati huo.

"X hii ni ya nani?"

Akaziinamia zile herufi ndogo. "Ya Kamati, Madam. Imeandikwa."

"Kamati iko na vidole vingapi?"

Kamati yote ilikuwa pale, mstari wa mbele, imekaa kwa itifaki. Mmoja alikuwa anasoma kifuniko cha soda yake kwa makini sana.

"Basi nitawasha," nikasema. "Haiwezi kutokea, sivyo? Kamati ije ifungue mlango, iweke mkono ndani, ituonyeshe vile haiwezi kutokea."

Hakuna aliyeinuka. Ndipo Mzee Wafula, ambaye alikuwa nyuma kabisa na sahani yake, akainua mkono wa kushoto juu vile watu huinua kwenye harambee.

"Mimi nilishachanga," akasema.

Mama Chelagat alianza kucheka, kisha akauona vizuri ule mkono. Akautazama. Akatazama mlango wa tangi. Akaingiza mikono yake yote miwili ndani ya sweta na kukaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, bila kuuliza ni cha nani.

Nimemsema Daktari sana, acha nimpe haki yake. Angeweza kunifukuza pale. Wengine wangefanya hivyo na kuendelea na hotuba. Yeye alikwenda hadi kwenye tangi, akasimama mbele ya mlango, akatazama kile chuma kilichosimama ndani. Akainama, akaokota punje moja kwenye vumbi, akaipangusa kwa suti, akaiuma. Nadhani hata hakujua amefanya hivyo.

"Haijakauka," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, "Weka sifuri, Madam."

Tukaiweka pamoja. Alivua koti, akaketi kwenye nyasi na leptopu mapajani, akaziondoa zile X mbili, akaandika 0 na 0, akakata kitanzi kikabaki nusu ya kulia. Kitanzi kikapungua, saketi ikanenepa kwa waya mmoja unaotoka kwenye swichi ya mlango, na waya huo mimi na Mzee tulikuwa nao kwenye gari tangu asubuhi. Mzee Wafula alishika koleo akitupa maelekezo ambayo hatukuyahitaji. Wageni walipewa chakula kabla ya hotuba, jambo ambalo halijawahi kutokea katika chuo kile, na hakuna aliyekufa.

Tulipowasha tena nilifungua mlango mwenyewe. Mkono wa chuma ukasimama. Nikafunga, ukaendelea. Nikamwita Mama Chelagat. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alikuja akiwa ameshika sweta yangu kwa nyuma, akafungua, akangoja kile chuma kitulie, akatia mkono, akachukua punje, akaiuma.

"Bado," akatangaza, na kikundi chote kikamwamini yeye, kipima unyevu kikiwa kinaning'inia pale kama pambo.

Ndiyo sababu katika lile faili mtakuta 0 moja yenye mshale na maelezo, ingawa 0 haihitaji maelezo. Daktari aliyaongeza mwenyewe siku ile, kwa jina lake kamili: Nimeona kwa macho yangu. Msiyafute. Na agizo langu msiliguse. Nekesa ameniambia kuna mmoja wenu amegundua kwamba ukijaza nukta mahali pa jina, linapita. Hongera sana, una akili nyingi. Nenda Munyaka kwa Mzee Wafula ukamsalimie kwa mkono wa kushoto, halafu urudi ujaze nukta yako.

Wiki iliyopita nilikuwa mjini kununua mboga, nikasikia mtu ananiita kutoka ng'ambo ya kibanda. Alikuwa Mama Chelagat, na sweta ile ile ya kijani. Hakunisalimia.

"Mwalimu, ile mashine yenu ni mbovu."

"Imefanya nini, Mama?"

"Kila nikifungua mlango nionje, inazima! Nikifunga, inawaka. Nikifungua, inazima. Miaka yote hii! Si mtume mtu aitengeneze?"

"Pole, Mama. Nimestaafu."

"Wacha pole! Ngoja nikwambie makosa yake yote, uwapelekee."

Akaweka mkoba chini, akaanza kunihesabia kwa vidole. Inachelewesha kazi, kidole gumba. Inapiga kelele ikianza tena, cha shahada. Inadhani yeye hana akili, cha kati. Mkono wa kulia ukaisha, akahamia wa kushoto, na mimi nikasimama pale na sukuma wiki yangu, nikimtazama anavyovikunja kimoja kimoja, nikamwacha ahesabu mpaka mwisho.